Mume wangu anataka tuzunguke Iceland nzima kwa siku nne

BARUA

Shikamoo Mama,

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, mama wa watoto wawili, naishi Hamburg na mume wangu kwa miaka kumi sasa. Yeye ni dereva wa lori. Huondoka Jumapili usiku, na akirudi Ijumaa au Jumamosi anakuwa amechoka, hata kuongea hawezi. Mimi nahudumia wazee kwenye makao yao, zamu za asubuhi na za usiku. Tangu tuoane hatujawahi kusafiri wawili peke yetu. Safari zetu ni za nyumbani tu, na nyumbani unakujua: msiba huku, harusi kule, fundi anasubiri hela ya saruji. Tunarudi tumechoka kuliko tulivyokwenda.

Mwaka huu mdogo wangu aliyeko Bremen amekubali kukaa na watoto. Tutaondoka Alhamisi mwishoni mwa Machi, wiki moja baada ya Idi, turudi Jumatatu. Mume wangu ndiye aliyechagua Iceland. Usiku akishaegesha lori huangalia video za kile kisiwa, maporomoko, barafu, volkano, na kunitumia moja baada ya nyingine. Nilifurahi sana, sikufichi. Kisha akaniletea karatasi ya ratiba.

Mama, ratiba yenyewe ni ya kuzunguka kisiwa kizima! Alhamisi tukishuka kwenye ndege tunachukua gari, moja kwa moja hadi Vík. Ijumaa Vík hadi Egilsstaðir. Jumamosi Egilsstaðir hadi Akureyri kupitia Mývatn. Jumapili Akureyri hadi Reykjavík. Jumatatu uwanja wa ndege. Nilipomuuliza tutapumzika wapi, akajibu kwamba ndani ya gari kuna joto.

Sikubishana naye. Anasema kwa hela tunayolipa haifai kwenda na kuona nusu, na kwamba barabara za theluji anazijua, ameshapeleka mizigo hadi Norway. Lakini mimi sikutaka kuendeshwa. Nilitaka kukaa naye. Nataka tuone ile mianga ya kaskazini inayocheza angani usiku, tuone maji ya moto yakiruka, halafu tukae mahali tunywe chai tuongee, maana siku hizi maongezi yetu ni ya bili na shule.

Kuna na mengine. Rafiki yangu wa Goma ameniambia tusithubutu kwenda kwenye volkano. Yeye mwaka 2021 alikimbia usiku na mtoto mgongoni. Halafu nimesikia kwenye mabwawa ya kule ni lazima uoge uchi mbele za watu kabla ya kuingia. Mimi navaa hijabu, nitawezaje? Na mama mkwe naye amepata habari za safari. Alimpigia mwanawe simu kumuuliza kama ni kweli nyumba haijaezekwa na sisi tunakwenda kuangalia barafu. Tangu siku hiyo mume wangu ameing'ang'ania ratiba yake zaidi.

Mwisho wa mwezi analipia hoteli zote. Nimwambie nini? Na siku hizo chache zinatosha kuona kitu cha maana?

Mama Watoto, Hamburg

JIBU

Marahaba mwanangu,

Zinatosha, tena mtashiba. Ila si kwa ratiba hiyo.

Umeniandikia jambo kubwa katikati ya barua yako ukapita nalo haraka: kwamba mumeo ameing'ang'ania karatasi yake zaidi tangu mama yake alipopiga simu. Hapo ndipo pa kumwelewa. Mwanamume anayefanya kazi wiki nzima barabarani ameamua kumpeleka mkewe mahali pazuri, kisha mzazi wake akamfanya ajione mbadhirifu. Sasa anataka safari iwe kubwa kiasi kwamba hakuna atakayeuliza tena hela ilikwenda wapi. Ukimwambia ratiba yake ni mbaya, atasikia sauti ya mama yake. Kwa hiyo usianze na ratiba. Anza na lile ulilolieleza vizuri mno: hukutaka kuendeshwa, ulitaka kukaa naye. Mwambie maneno hayohayo, kama ulivyoniandikia mimi, siku ambayo ameshalala akaamka. Nina hakika hajawahi kuyasikia. Wewe ulinyamaza kwa heshima, naye akadhani umeridhika.

Akishasikia hilo, ndipo mfungue ramani pamoja, na hapo umwachie yeye hesabu, kwa kuwa ni dereva na hesabu hizi ni zake. Barabara Namba 1 inayokizunguka kisiwa ina urefu wa kilomita 1,322, bila kuhesabu mchepuko wowote wa kwenda kuona kitu. Kwa Ujerumani hizo ni siku mbili za kazi. Kule sehemu kubwa ni njia moja ya kwenda na moja ya kurudi, mwisho wa kasi ni kilomita 90 kwa saa penye lami na 80 penye changarawe, na kuna madaraja yanayopitisha gari moja moja. Siku yenu ya Ijumaa peke yake, Vík hadi Egilsstaðir, ni kama kilomita 500, na hapo hamjasimama mahali. Mwishoni mwa Machi bado ni majira ya baridi huko. Dhoruba ikija barabara hufungwa, saa kadhaa au siku nzima. Kila usiku wa ratiba yenu umefungwa na usiku uliotangulia, hakuna siku ya akiba. Barabara ikifungwa mashariki Jumamosi, ndege ya Jumatatu imewaacha. Mwulize kama angekubali kupeleka mzigo kwa mpango wa namna hiyo.

Naandika haya nikikijua kile kisiwa, na nakipenda sana. Ndiyo maana sitaki mkipite dirishani.

Mnachokihitaji kiko pembe ya kusini-magharibi. Iceland imekaa juu ya mstari ambapo mabamba mawili ya ganda la dunia, la Amerika Kaskazini na la Ulaya na Asia, yanaachana kwa wastani wa sentimita mbili kila mwaka. Mstari huo unatoka baharini kwenye rasi ya Reykjanes, karibu na uwanja wa ndege mtakaoshukia, na kuingia bara. Kwa hiyo nyufa, volkano, chemchemi za maji moto, vyote vinaanzia mlangoni.

Alhamisi msikodi gari. Pandeni basi la kutoka uwanja wa Keflavík hadi Reykjavík, kilomita 50, mlale huko usiku wa kwanza na wa pili. Ijumaa nendeni na gari la watalii, lile basi dogo lenye dereva na mwongozaji, kwenye mzunguko wanaouita wa dhahabu. Hili nalisisitiza kwa ajili ya mumeo. Mpe siku moja ya kukaa kiti cha abiria, aone nje kupitia dirisha la pembeni, akushike mkono. Mtu anayeendesha wiki nzima macho yake hayajui tena kutazama mlima, hutazama lami tu.

Kwenye mzunguko huo mtafika Þingvellir. Hapo mnateremka kwa miguu katikati ya ufa uitwao Almannagjá, ukuta wa mawe meusi ukiwa umesimama juu yenu. Ni tendo lilelile la ardhi lililolipasua Bonde la Ufa la kwetu, tofauti ni kwamba huko kwetu ufa ni mpana hata mtu hauoni akiwa ndani yake, na hapa unauona kwa jicho moja. Mwaka 930 wakazi wa kisiwa walianzisha bunge lao hapo, Alþingi, wakikutana mahali pa wazi kila kiangazi, na ni hapo hapo mwaka 1944 walipotangaza jamhuri. UNESCO iliiweka Þingvellir kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2004. Kuna na maji yaitwayo Silfra ambamo watu huzama na vazi maalumu kuogelea ndani ya ufa. Maji yana nyuzi mbili hadi nne tu. Mumeo akitaka, wewe mngoje na chupa ya chai.

Halafu Geysir, chemchemi iliyozipa jina chemchemi zote za aina yake duniani. Yenyewe siku hizi hulala muda mrefu, lakini jirani yake Strokkur huruka kila baada ya dakika sita hadi kumi, mita 15 hadi 20, mara nyingine zaidi. Nakuomba simu uiweke mfukoni kwa mara ya kwanza, uyatazame maji yenyewe. Yatapumua, yatashuka kidogo, kisha yatavimba kuwa kuba la buluu lenye ngozi nyembamba linalong'aa, na kwa muda usiozidi kupepesa macho utaona mvuke ukipanda ndani yake kabla halijapasuka. Watu wengi hulikosa lile kuba kwa sababu wanatafuta kitufe cha kurekodi. Simameni upande upepo unakotoka, na msivuke kamba. Maji yale yanaunguza.

Gullfoss iko mbele kidogo tu. Mto Hvítá unaanguka kwa hatua mbili, jumla mita 32, ukitumbukia kwenye korongo hata ukiwa mbali unadhani umemezwa na ardhi. Mwezi Machi manyunyu huganda njiani, kwa hiyo nunueni yale meno ya chuma ya kuvalisha chini ya viatu. Ni bei ndogo kuliko mguu uliovunjika.

Jumamosi ndiyo mkodi gari, mumeo ashike usukani wake kuelekea kusini. Reykjavík hadi Vík ni kama kilomita 187. Njiani kuna Seljalandsfoss, maporomoko ya mita 60 yenye njia ya kupita nyuma ya maji, ingawa njia hiyo hufungwa ikiwa na barafu. Kuna Skógafoss, nayo mita 60, pana na nzito, unasimama mbele yake kifua kinatetemeka kwa mshindo. Baibui kwa siku hiyo liacheni hotelini, mwanangu. Upepo wa manyunyu utalijaza na kulinyanyua mpaka uhangaike nalo badala ya kutazama. Vaa sufu ndani, suruali isiyopenya maji, koti refu lenye kofia, na chini ya kofia ule ushungi wa kubana wa kuvaa kichwani moja kwa moja, usiotaka pini. Utasitirika vizuri na utakuwa na joto.

Karibu na Skógafoss kuna Sólheimajökull, ulimi wa barafuto, yaani barafu iliyolundikana karne na karne ikishuka polepole kutoka mlimani. Waongozaji huwavisha watu viatu vya meno na kuwapandisha juu yake. Utaona mistari myeusi imelala ndani ya barafu: ni majivu ya volkano za zamani yaliyofunikwa na theluji ya miaka iliyofuata. Najua mumeo ameiandika Jökulsárlón, lile ziwa lenye vipande vya barafu vinavyoelea, maana kwenye video ndilo linalopendeza kuliko yote. Liko kilomita 370 hivi kutoka Reykjavík. Mimi ningeliacha. Kwenda na kurudi kutakula siku yenu mliyopanga kupumzika, na barafu mtaikanyaga kwa miguu yenu Sólheimajökull.

Sasa nisikilize kuhusu Reynisfjara, ufukwe wa mchanga mweusi ulio jirani na Vík. Ni pazuri ajabu, nguzo za mawe zimepangika kama kinanda, miamba mirefu imesimama baharini. Wewe ni mtoto wa Tanga, bahari uliyokulia imezuiliwa na matumbawe na visiwa, mawimbi yakifika pwani yameshachoka. Hapo Reynisfjara hakuna kitu kinachoyavunja kutoka bahari kuu. Yanakuja madogo, madogo, madogo, kisha linakuja moja linalopanda ufukweni mbali kuliko yote, linamwangusha mtu na kumvuta kwenye maji yaliyo baridi mno. Watalii kadhaa wamefia hapo. Kuna taa za tahadhari kwenye njia ya kuingilia. Zikiwa nyekundu msishuke. Hata zisipokuwa nyekundu, kaeni juu, pale mchanga ulipo mkavu, na msiyape maji mgongo hata kwa picha moja.

Na upepo. Mumeo anasema anaijua theluji, sikatai. Wenye kisiwa kile wanaogopa upepo zaidi. Huko taarifa ya hali ya hewa hutoa upepo kwa mita kwa sekunde: ukifika 15 endesheni kwa uangalifu mkubwa, ukivuka 20 kaeni mlipo. Malori matupu hupinduliwa, na yeye anafahamu vizuri kuliko mimi upepo wa ubavuni unavyofanya. Mkiegesha, elekezeni pua ya gari kwenye upepo, na kila mlango ufunguliwe kwa mikono miwili. Mlango uking'olewa na upepo, bima nyingi za gari la kukodi hazilipi, na bili hiyo ingemfurahisha mama mkwe. Barabara zenye herufi F mbele ya namba ni za nyanda za juu, wakati huo zimefungwa, msizijaribu. Kila asubuhi mfungue tovuti ya hali ya barabara, umferdin.is, na ya hali ya hewa, vedur.is, kabla ya kuwasha gari. Namba ya dharura ni 112.

Usiku wa Jumamosi mlale Vík au shamba lolote la jirani lenye vyumba, kwa ajili ya ile mianga unayoitamani. Mwishoni mwa Machi jua linachomoza kwenye saa moja asubuhi na kuzama kwenye saa mbili usiku, kwa hiyo giza la kutosha mnalipata kuanzia saa nne. Majira yake ni Septemba hadi Aprili, na inahitaji mambo mawili: jua liwe limetupa chembe zake kwa nguvu huko juu, na mawingu yawe yamefunguka hapa chini. Hakuna anayeweza kukuahidi. Hoteli nyingi za mashambani hukubali kuwagonga wageni mlango ikitokea, waombeni tu mnapoingia. Ikitokea, kwa macho mara nyingi huanza kama ukungu mweupe ulionyooka, sio kijani cha kwenye picha, na wengi hurudi ndani wakidhani ni wingu. Vumilia dakika chache. Msisimamishe gari barabarani kwa ajili yake, usiku huo kaeni nje ya chumba chenu na blanketi.

Jumapili rudini Reykjavík bila kukimbia. Amkeni mkitaka. Hiyo ndiyo siku ya chai.

Rafiki yako wa Goma ana haki ya kuogopa, na usimcheke. Lava ya Nyiragongo, ile volkano ya jirani na Goma, ni nyepesi, hukimbia, na chini yake kuna jiji la watu wengi mno. Volkano za Iceland si za aina moja. Mwaka 2010 Eyjafjallajökull ililipuka chini ya barafu, majivu yakapanda angani na kufunga viwanja vya ndege vya Ulaya kwa siku kadhaa. Hata Naivasha, Kenya, maua yalitupwa kwa kukosa ndege na wafanyakazi wakarudishwa nyumbani. Za rasi ya Reykjanes ni nyufa zinazotoa lava bila majivu mengi. Zilianza mwaka 2021, na Novemba 2023 mji wa wavuvi wa Grindavík, wenye watu karibu 3,800, ulihamishwa usiku mmoja. Watu wale wamepoteza nyumba, hilo si onyesho la watalii. Uwanja wa ndege umeendelea kufanya kazi wakati wa milipuko hiyo. Kama kutakuwa na mlipuko mkiwa huko, fuateni watakachosema wenye mamlaka wa huko, kwa maana gesi yake huumiza mapafu hata mahali ambapo lava huioni.

Kuhusu kuoga, ulichosikia ni kweli. Kwenye mabwawa ya umma ni lazima kila mtu aoge kwa sabuni bila nguo kabla ya kuingia, wanawake upande wao na wanaume upande wao, kwa sababu maji yao wanayatia dawa kidogo sana. Wanaosimamia hukurudisha ukikwepa. Hawafanyi kwa dharau, na hakuna anayekutazama, wamekua hivyo. Lakini sitara yako ni yako na Mola wako, wala hulazimiki kushindana nayo likizoni. Mabwawa mengi yana vyumba vya kuogea vyenye mlango, ukiulizia mapokezi watakuelekeza. Blue Lagoon wanavyo pia. Vazi lako la kuogelea la kufunika mwili linaruhusiwa, ilimradi ni kitambaa cha kuogelea na umelivaa baada ya kuoga.

Hiyo Blue Lagoon iko njiani kuelekea uwanja wa ndege, inafaa Jumatatu asubuhi. Maji yake ya buluu ya maziwa yanatoka kwenye kituo cha umeme wa jotoardhi cha Svartsengi, yana nyuzi 37 hadi 40, na hujaa madini ya silika yanayofanya nywele kuwa ngumu kama makuti. Paka kondishena nyingi kabla ya kuingia, zifunge juu, zisiguse maji. Vua na pete za fedha, hugeuka nyeusi. Ni ghali na lazima kuweka nafasi mapema, na huwa inafungwa volkano ya jirani ikianza kutikisika. Ikifungwa msihuzunike. Bwawa la mtaa la Reykjavík lina beseni za maji moto vilevile, kwa sehemu ndogo ya bei, mkikaa na wazee wa mji wanaojadili siasa huku theluji inawaangukia kichwani. Kusema kweli, mimi hupapenda zaidi.

Mtashangaa bafuni hotelini: maji ya moto yananuka yai viza. Ni salfa ya ardhini, hayana dhara. Nyumba tisa kati ya kumi hupashwa joto kwa maji ya namna hiyo. Wakenya wengi waliojenga ujuzi wa Olkaria, ile mitambo yao ya umeme wa jotoardhi, wamesomea huko; Iceland imefundisha wataalamu wa jotoardhi kutoka nchi zetu tangu 1979, na Kenya ni miongoni mwa zilizopeleka wengi zaidi. Maji baridi ya bomba ni safi, msinunue ya chupa. Bei ya chakula cha mgahawa itawatoa jasho, kwa hiyo nunueni kwenye maduka ya Bónus au Krónan, mbebe chupa ya chai. Samaki wao ni watamu, supu ya samaki agizeni bila wasiwasi. Ile soseji yao maarufu ya mkononi huwa ina nyama ya nguruwe imechanganywa, muipite. Kama nyote mna kibali cha kuishi Ujerumani hamhitaji viza nyingine, kwa kuwa Iceland imo kwenye eneo la Schengen, ila bebeni pasipoti pamoja na kadi ya ukaazi.

Kwa mama mkwe, mwache mwanawe azungumze naye, si wewe. Ampigie kabla ya kuondoka, amwambie fungu la nyumba liko palepale na mabati yatanunuliwa mwezi aliopanga, kisha amwombe dua ya safari. Mzazi aliyeombwa dua huona kijana wake bado ni wake. Mkirudi mpelekeeni picha mbili tatu za nyinyi wawili, mkionekana mmepumzika, na zawadi ya sufu ya kule kama mfuko utaruhusu.

Hilo la kuzungumza na mumeo usiliache hadi mwisho wa mwezi. Hoteli za Egilsstaðir na Akureyri zikishalipiwa bila ruhusa ya kufuta, mtabishania hela badala ya safari. Wikendi hii akirudi mpe chakula, mwache alale. Akiamka, kaa naye.

Nawatakia safari njema, na mnisalimie huyo mdogo wako wa Bremen, amewafanyia wema mkubwa.